Solmaz na Matone ya Nano

Tohid alikuwa fundi viatu katika mji wa Tabriz, na mkewe Solmaz ndiye aliyekuwa mdomo wa karakana. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha chini cha jengo walimoishi. Tohid alikata ngozi na kugonga soli kimya kimya. Solmaz alishona sehemu za juu za viatu, akapokea wateja, akajibu simu, akagombana na muuza gundi, na bado akapata nafasi ya kumtania mumewe.

"Tohid, tangu tunywe chai umesema maneno manne tu. Nimeyahesabu."

"Manne?" alisema Tohid, misumari midogo ikiwa mdomoni.

"Haya, sasa matano. Leo una porojo."

Walikuwa wameishi hivyo kwa miaka ishirini na sita, na hakuna aliyelalamika.

Siku moja mwishoni mwa vuli, Solmaz alikuwa anaoga. Mkono wake uligusa kitu katika titi la kushoto. Kilikuwa kigumu, kama kokwa ya zeituni. Alikibonyeza. Hakikuuma.

"Kama hakiumi, si kitu," alijiambia. Akavaa, akashuka kazini.

Lakini kesho yake alikigusa tena, na keshokutwa pia. Kilikuwa palepale. Siku kumi na moja zilipita hivyo. Alishona, alipika, hakumwambia mtu.

Siku ya kumi na mbili Tohid aliweka nyundo chini.

"Solmaz."

"Nini?"

"Una siku tatu hujanitania. Unaumwa?"

Solmaz alitaka kucheka, ikashindikana. Akamwambia. Tohid alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya harusi ya binti yao: alifunga karakana saa nne asubuhi. Wakaenda hospitali.

Hospitalini walimpima kwa mikono, wakapiga picha, kisha wakachukua kinyama kidogo kwa sindano. Baada ya wiki moja, Daktari Mehri, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, aliwaita ofisini kwake.

"Bi Solmaz, nitasema wazi," alisema. "Ni saratani ya titi. Lakini bado ndogo, na vipimo havioneshi kwamba imesafiri mbali. Tutatoa uvimbe kwa upasuaji. Kisha utapata dawa kwa dripu, halafu mionzi. Tuna nafasi nzuri sana, mradi tusipoteze muda."

"Nywele?" Solmaz aliuliza.

"Zitatoka."

"Zote?"

"Zote. Na zitarudi."

Wakapewa tarehe ya upasuaji: Jumamosi ya wiki mbili mbele.

Habari zilimfikia Firuze, dada yake Tohid, kabla hawajafika nyumbani. Mchana uleule alikuja na sufuria ya mipira mikubwa ya nyama, ile inayojazwa mayai na plamu kavu ndani, akaiweka mezani, akaanza kulia.

"Usilie kwenye chakula, wifi, kitazidi chumvi," alisema Solmaz.

Firuze alijifuta macho. Kisha akatoa simu.

"Nisikilize. Usikubali kukatwa. Mimi nimemwona mke wa jirani yetu wa zamani na hiyo dripu. Alibaki kama kivuli. Tazama hapa."

Kwenye simu alionekana mwanamume mwenye koti jeupe. Nyuma yake kulikuwa na chupa nyingi ndogo za buluu.

"Matone ya Nano!" alisema yule mtu kwa furaha. "Chembe ndogo zenye akili! Zinaitafuta saratani peke yake mwilini! Hakuna kisu! Hakuna dripu! Hakuna nywele kutoka! Matone kumi chini ya ulimi, kwa miezi mitatu!"

Solmaz aliitazama video ile mara moja. Akaitazama tena. Mara ya tatu alikuwa ameshaamua.

"Nitatumia hii kwanza," alimwambia Tohid. "Miezi mitatu tu. Ikishindikana, ndipo wanikate."

"Daktari amesema tusipoteze muda."

"Mwili ni wangu au ni wako?"

"Wako."

"Basi."

Tohid hakuwa mtu wa kubishana. Alishuka karakana akakaa mbele ya rafu ya kalibu, ile miguu ya mbao ambayo fundi hushonea viatu juu yake. Akawa anazipangusa vumbi moja moja, ingawa hazikuwa na vumbi.

Kesho yake mchana, Behnaz alishuka kuchukua buti zake. Behnaz alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, aliyeishi ghorofa ya tatu ya jengo lilelile. Kila asubuhi alipanda basi kwenda chuo kikuu. Tohid alijua tu kwamba alifanya kazi katika maabara, na kwamba soli za viatu vyake ziliisha upande mmoja.

"Buti tayari, Mzee Tohid?"

"Tayari." Tohid alimpa. Kisha akasema, "Binti yangu, kaa kidogo. Nano ni nini?"

Behnaz alicheka. "Hilo ndilo ninalolifanyia kazi miaka sita sasa. Kwa nini unauliza?"

Tohid akamweleza yote. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa maishani mwake. Behnaz aliacha kucheka.

"Twende juu," alisema. "Na beba kalibu mbili tatu."

Jikoni walimkuta Solmaz na Firuze wakifunga kachumbari ya siki kwenye mitungi. Solmaz alimtazama mumewe, akatazama kalibu, akamtazama Behnaz.

"Mmekuja kunipima miguu?"

"Tumekuja kuzungumza, Bi Solmaz," alisema Behnaz. "Nimesikia habari za matone."

"Tohid! Kumbe una ulimi!"

Hata hivyo aliwamiminia wote chai. Behnaz aliweka kipande cha sukari kati ya meno, akanywa, akachukua kalibu moja.

"Hii ni ya mguu gani?"

"Wa kulia," alijibu Tohid. "Namba thelathini na nane."

"Sawa. Sasa fikirini mwili ni mtaa wenye watu wengi mno. Kila mtu ni seli. Dawa ya dripu hupita mtaa mzima. Hupiga zaidi seli zinazozaana haraka. Saratani inazaana haraka, kwa hiyo inapigwa. Lakini mizizi ya nywele nayo inazaana haraka. Ngozi ya ndani ya mdomo na ya tumbo, vilevile. Nazo zinapigwa."

"Ndiyo maana nywele zinatoka," alisema Solmaz.

"Ndiyo maana. Sasa, seli nyingi za saratani zina vitu fulani juu ya ngozi yake. Seli zenye afya hazina vitu hivyo, au zinavyo vichache. Vichukulie kama kalibu hii. Sisi maabara tunaunda kipande kifupi sana cha protini. Kinaitwa peptidi. Tunakiunda ili kikae juu ya kalibu hiyo tu, kama kiatu kilichoshonwa kwa mguu mmoja. Halafu tunakibandika kwenye chembe ndogo iliyobeba dawa ndani yake."

"Ndogo kiasi gani?" aliuliza Tohid.

"Chukua unywele mmoja wa Bi Solmaz. Panga chembe hizo kwa mstari, kukatisha upana wa unywele. Zitaenea karibu elfu moja."

Tohid alitikisa kichwa kwa heshima, kama fundi anayesikia habari za fundi mwenzake.

"Chembe inazunguka na damu," Behnaz aliendelea. "Peptidi inaiongoza. Ikigusa seli yenye afya, inateleza. Ikikuta kalibu yake, inanasa. Seli ya saratani inaimeza, na dawa inafunguka ndani."

Firuze alipiga makofi. "Si nimesema? Ndiyo matone yenyewe hayo!"

"Hapana, shangazi. Hiyo niliyoieleza bado iko kwa panya."

Solmaz aliweka mfuniko wa mtungi chini, polepole.

"Subiri," alisema. "Kwa hiyo dawa unayo. Unaishi juu ya kichwa changu, dawa unayo, na unanyamaza?"

"Bi Solmaz..."

"Panya anapewa, mimi nikatwe?"

Uso wa Behnaz uliwaka. Lakini hakukwepa macho yake.

"Mwaka juzi tuliunda moja," alisema. "Kwenye kisahani cha kioo iliua seli zote za saratani. Tuliruka, tukanunua keki. Kisha tukawapa panya. Unajua ilikwenda wapi? Kwenye ini. Ikajaa huko, panya wakaugua. Nilijifungia chooni nikalia. Kama ningekupa wewe ile siku ya keki, Bi Solmaz, leo ningekuangaliaje?"

Solmaz alimwongezea chai, na Behnaz akaendelea.

"Sasa tunajaribu nyingine. Inakwenda vizuri zaidi. Na duniani ziko nyingine zilizoanza kujaribiwa kwa wagonjwa. Lakini ni hospitalini, kwa kibali, na mgonjwa anaelezwa kila kitu kabla ya kusaini. Ziko pia chembe ndogo zisizo na peptidi ambazo madaktari wanazitumia tayari kwa saratani fulani. Daktari wako ndiye anayejua kama saratani yako ni mojawapo. Hakuna hata moja inayouzwa kwa simu. Tena chini ya ulimi! Peptidi ukiimeza, tumbo linaisaga kama linavyosaga nyama ya Shangazi Firuze."

"Huyu wa kwenye simu ni daktari," Firuze alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Ana koti."

"Basi tumpigie," alisema Behnaz. "Wewe muulize, mimi nitakunong'oneza."

Firuze alipiga namba iliyokuwa kwenye video, akaweka sauti ya nje. Yule mtu alipokea haraka.

"Matone ya Nano, karibu dada!"

"Tuna mgonjwa wa titi," alisema Firuze. "Tunataka kujua... hizo chembe zinanasa kwenye kitu gani cha saratani?"

"Zinanasa kila kitu kibaya, dada yangu."

"Zimejaribiwa hospitali gani?"

"Zimejaribiwa kila mahali! Watu wengi wamepona!"

"Mgonjwa aendelee na daktari wake?"

"Aa, hapana! Hospitali zitaharibu nguvu ya matone. Aache kabisa."

Behnaz na Tohid walitazamana. Solmaz alinyoosha mkono akachukua simu.

"Kaka, hapa ni mgonjwa mwenyewe. Je, yanatibu na kisukari?"

"Yanatibu vizuri sana!"

"Na upara? Nina mume hapa."

"Upara ndani ya wiki tatu!"

"Na visigino vilivyopasuka?"

"Hasa visigino, dada!"

Solmaz alikata simu. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Firuze naye akacheka, na Behnaz, na hata Tohid aliyekuwa anajipapasa kichwa. Kisha kicheko cha Solmaz kikabadilika. Machozi yaliyokuwa ya kucheka yakawa machozi ya kweli.

"Naogopa, Tohid," alisema. "Naogopa kisu."

"Na mimi," alisema Tohid. Akavuta kiti akakaa karibu naye.

Solmaz alijifuta kwa ncha ya mtandio. Akamgeukia Behnaz.

"Niambie kama unavyomwambia mama yako. Hiyo ya daktari inafaa?"

"Dripu ya daktari haijui njia kama ile yangu," alisema Behnaz. "Lakini wamepewa wanawake maelfu kwa maelfu. Tunajua inachosaidia, tunajua inachoumiza, na tunajua cha kufanya ikiumiza. Yangu inajua njia, ila mimi mwenyewe bado sijui itafika wapi. Mama yangu ningempeleka Jumamosi."

Jumamosi Solmaz alikwenda.

Kabla ya upasuaji, Daktari Mehri alikuja na karatasi. "Chuo kikuu kinaomba kipande cha uvimbe tutakaoutoa, kwa utafiti," alisema. "Ukikubali, sawa. Ukikataa, matibabu yako yako palepale. Hakuna atakayekasirika."

"Wauchukue wote," alisema Solmaz. "Mimi sina kazi nao."

Akasomewa karatasi, akauliza maswali mawili, akasaini.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Theluji ilipoanza kuanguka, dripu nazo zikaanza. Sitasema zilikuwa rahisi. Kila baada ya wiki tatu alikaa kwenye kiti kirefu, dawa ikishuka tone kwa tone. Siku mbili baadaye hakutaka kuona hata mkate. Nywele zilitoka wiki ya tatu. Tohid alinyoa zake zilizobaki pembeni.

"Sasa tunafanana na mayai mawili," alisema Solmaz mbele ya kioo. "Wewe la bata."

Mwezi wa tatu miguu yake ilianza kufa ganzi. Alijikwaa kwenye zulia mara mbili. Alinyamaza, akidhani ndiyo kawaida. Tohid alimwona.

"Mwambie daktari," alisema.

"Nitamsumbua."

"Msumbue."

Alimwambia. Daktari Mehri alifurahi kuambiwa mapema. Alipunguza kipimo cha dawa moja, akamwonya asitembee pekupeku na achague viatu vipana visivyoteleza. Jioni ileile Tohid alikuwa amekata ngozi. Alimshonea viatu laini mno, vipana mbele, soli isiyoteleza, bila mshono wa kukwaruza ndani. Solmaz alipovivaa hospitalini, wanawake wote chumbani waliviinamia.

"Umevitoa wapi, dada?"

"Kwa mtu mmoja mwenye upara," alisema Solmaz.

Kufikia sikukuu ya mwaka mpya wa Kiirani, mwanzoni mwa masika, wagonjwa tisa walikuwa wakivaa viatu vya Tohid. Solmaz alikuwa anapokea simu tena, na kugombana na muuza gundi.

Dripu ziliisha, mionzi ikaisha. Kiangazi, Daktari Mehri alitazama picha mpya kwa muda mrefu, akavua miwani.

"Sioni saratani," alisema. "Utameza kidonge kila siku, na utakuja kila baada ya miezi michache nikutazame. Lakini leo sioni kitu."

Solmaz, mdomo wa karakana, alikosa la kusema. Tohid ndiye aliyesema, "Asante, Daktari," mara tatu mfululizo.

Wiki hiyohiyo Behnaz alishuka ngazi mbio.

"Bi Solmaz, njoo chuoni kesho. Nimeomba ruhusa. Kuna kitu nataka uone. Mlete na Mzee Tohid."

"Na mimi je?" alisema Firuze, aliyekuwa amekuja kuonja kachumbari. "Mimi ndiye niliyepiga simu!"

Wakaenda wote watatu. Maabara ilikuwa chumba cheupe, baridi, chenye mashine zilizonguruma taratibu. Behnaz aliwavisha makoti. Firuze alijitazama kwenye kioo cha kabati mara kadhaa.

"Seli za ule uvimbe tumezikuza kwenye kisahani," alisema Behnaz. "Hiki hapa. Kushoto tumeweka chembe zisizo na peptidi. Kulia, chembe zenye peptidi. Zote tumezitia rangi ya kijani inayong'aa. Kisha tumeosha."

Solmaz aliinama kwenye hadubini. Upande wa kushoto kulikuwa giza, na nukta chache tu za kijani huku na huko, kama nyota siku ya mawingu. Behnaz alisogeza kisahani. Upande wa kulia ukawaka. Kila seli ilikuwa imezungukwa na pete ya kijani, na baadhi zilikuwa zimejaa mwanga mpaka ndani.

Vile vitu vilikuwa vimetoka mwilini mwake. Vilikuwa vimejificha huko, kimya, bila kuuma. Na sasa vinaonekana, kimoja kimoja, havina pa kujificha.

"Washenzi," alisema kwa upole. "Mmepatikana."

Tohid alitazama baada yake, akaguna kwa kuridhika. Firuze alitazama muda mrefu kuliko wote.

"Itafika lini hospitalini?" Solmaz aliuliza.

"Sijui," alisema Behnaz. "Labda miaka kumi. Labda hii ishindwe tuunde nyingine."

"Basi fanyeni kazi! Mnasimama kututazama sisi?"

Walirudi kwa basi. Firuze, ambaye kwa kawaida alizungumza njia nzima, alikuwa kimya. Walipokaribia kushuka, alimsogelea Solmaz.

"Wifi," alinong'ona. "Mimi nina miaka hamsini na mbili. Sijawahi kupimwa hata siku moja. Kila mara naona simu ya kliniki, najifanya nimesahau."

"Una kitu?"

"Sina. Yaani, sijui. Sijawahi kuangalia."

Solmaz hakushuka kituoni kwao. Alimshika wifi yake mkono, akamwacha Tohid ashuke peke yake, wakaendelea na basi mpaka kwenye kliniki ya wanawake. Mlangoni Firuze alisimama. Alishika nguzo kama mtoto siku ya kwanza ya shule.

"Na wakikuta kitu?"

"Watakikuta kikiwa kidogo," alisema Solmaz. "Changu kilikuwa kama kokwa ya zeituni, na nimesimama hapa nakusukuma. Ingia."

Firuze alivuta pumzi, akanyoosha mtandio wake, akaingia. Solmaz alikaa nje kwenye benchi, kwenye jua, akavua kofia. Nywele zake mpya zilikuwa fupi na zimejikunja, jambo ambalo hazikuwahi kulifanya maisha yake yote, na kila aliyepita alitabasamu kwanza kabla ya kumsalimu.

Baada ya nusu saa mlango ulifunguka. Firuze alitoka ametabasamu mpaka masikioni, karatasi mkononi.

"Hakuna kitu! Na nimewaambia," alisema, "mwaka kesho naja tena, na ninaleta wanawake wa jengo zima."